Kuhesabu shakwe wa mahori ya Mombasa na kusoma umri wao

Shakwe hawajengi viota Mombasa. Anayetaka kujua kama msimu wao wa kuzaliana ulifanikiwa inambidi awatafute vijana wao wakishafika huku. Aliye mwingi pwani yetu ni shakwe aitwaye kisayansi Ichthyaetus hemprichii: kichwa cha kahawia iliyokoza, mdomo wa manjano wenye pete nyeusi na ncha nyekundu. Huzaliana wakati wa kusi, visiwani Bahari ya Shamu na Oman. Kwa Kenya, kwenye visiwa vya miamba vya Kiunga, huko Lamu. Kaskazi ikiingia hushuka kusini, na huwa wengi Novemba hadi Machi.

Anza na maji. Tazama jedwali la kupwa na kujaa la bandari ya Kilindini, uepuke siku za bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Maji yakikupwa kabisa ndege hutapakaa mbali. Bamvua likijaa matope yote humezwa, nao huruka kwenda pengine. Muda wa saa mbili au tatu kabla ya kujaa husukumwa kwenye kingo zilizobaki, na hapo ndipo pa kuhesabu. Kila mwezi rudia hali ileile ya maji, la sivyo utakuwa unalinganisha maji badala ya ndege. Jua liwe mgongoni, maana shakwe akitazamwa dhidi ya mwanga huonekana mweusi tu.

Hesabu kumi kwanza, uone wanachukua nafasi gani, kisha uende kumi kumi. Kundi likiruka kutoka hori la Tudor kuelekea hori la Port Reitz, andika saa na upande walikoelekea ili wasihesabiwe mara mbili. Membe, ndege wanaofanana na shakwe, watenge: wana mdomo mwembamba uliochongoka, miguu mifupi na mkia wa panda.

Umri ndio kazi yenyewe. Kijana wa mwaka wa kwanza ana mdomo wa kijivu wenye ncha nyeusi, na manyoya ya mabawa yana kingo nyeupe kama magamba. Fanya hesabu hii Novemba au Desemba. Kufikia Februari jua na chumvi vimekwisha kula kingo hizo, na utamchanganya na wa mwaka wa pili. Pima sampuli pembeni na katikati ya kundi, kwa sababu marika hayachanganyiki sawasawa. Andika vijana ni wangapi kati ya wote uliowapima umri. Wale wasiotambulika waandike kando, usiwagawe kwa kukisia.

Julai pia, ingawa wako mbali wakizaliana, toka ukahesabu. Ukikosa hata mmoja, andika sifuri pamoja na tarehe na hali ya maji. Daftari lililoachwa tupu halitofautishi asiyekuwapo na asiyehesabiwa.