Kupima nguvu ya graniti ya Dodoma kwa mashine ya mkono

Dodoma tumezungukwa na vilima vya graniti yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2, basi watu hudhani kila jiwe la hapa ni gumu. Gamba la nje mara nyingi limeoza. Kabla ya kumwaga msingi au kufungua machimbo ya kokoto, pima kwa mashine ya pointi lodi, ile inayobana jiwe kati ya ncha mbili za chuma. Haihitaji jiwe lililochongwa.

1. Chagua vipande. Hapa ndipo kazi ilipo. Vunja kwa nyundo mpaka ndani, kisha kwaruza felspa (chembe nyeupe au za waridi ndani ya jiwe) kwa kisu: ikichimbika na kutoa unga, jiwe limeoza. Ukiona kutu kuzunguka madoa meusi, vivyo hivyo. Usiyachanganye mazima na yaliyooza. Kila kundi lipimwe peke yake, angalau vipande 10 vya kama sentimita 5.

2. Bana. Pima kimo kati ya ncha (D) na upana (W). Kimo kisizidi upana. Vaa miwani, vigae huruka.

3. Pampu taratibu, jiwe lipasuke ndani ya sekunde 10 hadi 60. Ufa usipopita kwenye ncha zote mbili, tupa jibu hilo. Usilionee huruma. Ingawa unabana, jiwe hupasuka kwa kuvutwa kutoka ndani, na mwamba ni dhaifu sana kwa mvuto. Ndiyo maana pampu ya mkono inatosha.

4. Piga hesabu. Tuseme D ni milimita 40, W ni 60, na jiwe limepasuka kwa kilonyutoni 20. Zidisha 40 × 60 × 4, gawa kwa 3.14: unapata 3,057. Nyutoni 20,000 ukizigawa kwa hiyo ni megapaskali 6.5. Kipenyo sawia, yaani cha duara lenye eneo sawa na D × W, ni kipeuo cha pili cha 3,057, yaani 55.3; kigawe kwa 50, pandisha kwa kipeo 0.45, uzidishe kwa ile 6.5: unapata 6.8. Ondoa majibu mawili ya juu na mawili ya chini kabisa, yaliyobaki tafuta wastani.

Ukizidisha wastani huo kwa 20 hadi 25 unakadiria nguvu ya mgandamizo. Kwa 6.8 ni megapaskali 136 hadi 170, graniti nzuri. Ni makadirio tu. Kwa jengo la ghorofa, peleka mawe maabara.

5. Rudi kwenye mwamba na futi ya utepe. Inyooshe ukutani, andika umbali kati ya nyufa, mwinamo wake, na kama zina udongo ndani. Kipande cha mkononi hakina nyufa hizo, ilhali mteremko huporomokea hapo, hasa zikiinamia upande wa shimo.