Arosto ya unga si arosto ya tramadoli: jinsi ya kumuuguza ndugu yako

Arosto ni mateso ya mwili mtu anapokatisha dawa aliyoizoea. Kabla hujamfungia mtu wa hivyo chumbani ukisema atazoea, muulize: umetumia nini, na mara ya mwisho saa ngapi? Mimi sikuuliza. Nimeuguza wawili hapa Chang'ombe, Dodoma, mdogo wangu wa unga na binamu yangu wa tramadoli, nikawatendea sawa. Nilikosea.

Unga, yaani heroini, unatokana na mofini ya mmea wa afyuni. Haukai sana mwilini, kwa hiyo arosto inawahi: saa 8 hadi 24 tangu kete ya mwisho. Mdogo wangu alianza na miayo mfululizo, makamasi na machozi, malaika yakamsimama mikononi kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa. Siku ya pili na ya tatu ndizo ngumu: anaharisha, anatapika, miguu haitulii. Kisha inapungua, kama wiki hivi.

Tramadoli, dawa ya maumivu, ni ya kiwandani mwanzo mwisho, na inagusa pia kemikali za ubongo zinazoshika hisia. Binamu yangu alitoka jasho na kuharisha kama mwenzake, lakini juu ya hayo aliingiwa na hofu kubwa, akasema kuna watu darini. Tukaanza kuulizana nani kamroga! Ilikuwa arosto. Mtu wa namna hiyo usimwache peke yake, na akipata degedege, hospitali usiku huohuo.

Ila usidhani ya kiwandani zote ni sawa. Methadoni, dawa wanayopewa wa unga kliniki ili waache, nayo ni ya kiwandani, lakini inakaa mwilini muda mrefu. Aliyekatisha dozi anaweza kuonekana mzima siku nzima, arosto ikaanza kesho yake na kuburuta wiki mbili au tatu.

Nyumbani, kazi kubwa ni maji. Pakiti moja ya ORS kwa lita moja ya maji safi na salama. Akitapika, subiri kidogo, umpe kijiko kimoja kimoja. Uji mwepesi wa uwele. Blanketi, maana upepo wetu wa Julai unakata. Vidonge vya usingizi vya kujinunulia, hapana. Wa unga mpeleke kliniki ya methadoni, Itega. Wa tramadoli, hospitali ya akili ya Mirembe. Mjamzito asiache ghafla, mimba inaweza kuharibika. Aanzie kwa daktari.

Akishavuka, mwambie waziwazi: mwili umeshasahau dozi, kete ileile ya zamani inaweza kumkata pumzi. Mdogo wangu nilimwambia siku ya 9, tumekaa mkekani, ameshika kikombe cha kwanza cha uji alichokimaliza bila kutapika.