Kabla ya kufungua kiwanda kidogo cha mvinyo wa matunda mkoani Tanga

Mtu anayetaka kutengeneza mvinyo wa machungwa ya Muheza au wa rozela (choya, ua jekundu la kutengenezea juisi) mara nyingi huanza kwa kuulizia bei ya matangi na chupa, ilhali linaloamua mengi ni eneo. Fahamu kwanza kiwanja chako kiko katika halmashauri ipi, kwa kuwa Jiji la Tanga na Wilaya ya Muheza zina mamlaka tofauti, kila moja na sheria ndogo na maofisa wake. Kisha mwone afisa mipango miji athibitishe kwamba matumizi yaliyopangwa ya kiwanja hicho yanaruhusu kiwanda, maana banda la uani katika nyumba ya makazi, hata likiwa safi namna gani, laweza kukwamisha maombi yote. Mwenyekiti wa mtaa na majirani waelezwe mapema. Katika mji ambao msikiti hauko mbali na kiwanja chochote, pingamizi la wakazi dhidi ya vileo si jambo la kubeza.

Tenganisha kutengeneza na kuuza. Leseni ya biashara hutolewa chini ya sheria ya mwaka 1972, lakini uuzaji wa vileo una sheria yake ya mwaka 1968, na anayetaka kuwauzia wageni glasi moja moja kiwandani aombe pia leseni ya vileo. Tarehe za kuisha kwa leseni hizo mbili si lazima zilingane, hivyo ziandikwe ukutani. Bwana afya atakagua maji, vyoo na sakafu, na wafanyakazi wapimwe afya kila baada ya miezi sita.

Halmashauri peke yake haitoshi. Tangu mwaka 2019 usalama wa chakula uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, ambalo husajili jengo na kupima bidhaa, na mwaka huohuo stempu za kodi za kielektroniki zilianza kubandikwa kwenye chupa za mvinyo. Hapa nasisitiza kumbukumbu za manunuzi: sheria ya ushuru wa bidhaa imeweka kiwango nafuu kwa mvinyo wa matunda ambao zaidi ya asilimia 75 ya malighafi yake ni ya ndani, na mkulima wa machungwa hana kawaida ya kuandika risiti. Mtengenezee daftari la kusaini kila anapoleta mzigo.

Maganda na machicha yapangiwe njia kabla ya ukaguzi. Wafugaji wa ng'ombe wa maziwa huenda wakayapokea. Usijaribu kukeneka (kuchemsha na kukusanya mvuke wake) mvinyo ulioharibika, kwani hapo unaingia katika sheria ya moshi, yaani pombe kali ya kienyeji, ya mwaka 1966: umepika gongo.

Maombi yaanze miezi kadhaa kabla ya msimu, kwa sababu maabara hupima mvinyo uliokwisha kuiva, na huo hupatikana tu kwa kutengeneza kwanza kiasi kidogo cha majaribio.