Namna ya kufuatilia msimu wa NHL ukiwa Dar: shika mchezaji, timu iache kwanza

Mimi ni fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha barafu upande wa Feri, zamu ya usiku. Kazi yangu ni kuhakikisha wenye samaki wakija alfajiri hawakuti mashine imelala. Katikati ya usiku, kama kompresa inanguruma vizuri, kuna muda wa kukaa na simu, na muda huo ndio huko Marekani na Kanada wanacheza NHL, ligi kubwa ya kulipwa ya hoki ya barafuni. Watu huniuliza mtu anafuatiliaje ligi ya timu 32 ambayo hapa mjini hata kibanda umiza hakiionyeshi. Naeleza hapa ninavyofanya. Mifano yote naitoa msimu wa 2024–25, kwa sababu umeshakwisha na namba zake hazibadiliki tena.

Anza na saa, maana ukikosea saa utaamka bure. Ratiba nyingi zimeandikwa kwa saa za New York. Kuanzia Jumapili ya kwanza ya Novemba hadi Jumapili ya pili ya Machi sisi tuko mbele yao kwa saa nane. Miezi mingine, saa saba. Kwa hiyo mechi ya saa moja jioni Washington au Tampa huanza saa nane usiku wetu ligi ikifunguliwa Oktoba, na saa tisa usiku ikifika Krismasi. Ikichezwa Winnipeg saa hiyo hiyo ya kwao, kwetu wakati wa baridi yao ni saa kumi alfajiri. Edmonton, saa kumi na moja. Los Angeles, saa kumi na mbili, wakati wenzako wameshajipanga kituoni kusubiri mwendokasi. Na tarehe inaruka: mechi iliyoandikwa Jumamosi usiku wewe utaiona Jumapili alfajiri. Asiyependa kukesha asubiri mechi za mchana wa Jumamosi na Jumapili. Ya saa saba mchana kule mashariki ni saa tatu usiku hapa kipindi cha baridi, umeshakula na watoto wamelala.

Suala la bando ni fupi. Usitazame mechi nzima moja kwa moja kwa data ya simu, utafilisika. Ligi yenyewe hupandisha YouTube vipande vya dakika chache vya kila mechi, na programu yake ya simu inaonyesha kwa maandishi kila shuti, kila bao, kila aliyetolewa nje. Maandishi hayali bando, na ukishazoea unaona mchezo kichwani.

Sasa ushauri wangu mkubwa, ambao wapo wanaoukataa: usianze kwa kuchagua timu. Simba au Yanga umerithi nyumbani, au umechaguliwa na mtaa. Timu ya Columbus au ya Nashville hukurithi kwa mtu, na kuibeba kwa mechi 82 kuanzia Oktoba hadi katikati ya Aprili bila mwenzako wa kubishana naye ni kazi ngumu. (Kuanzia msimu wa 2026–27 mechi zinakuwa 84, ndiyo kabisa.) Chagua wachezaji wanne au watano. Mchezaji ni mstari mmoja kwenye jedwali, unausoma kabla chai haijapoa, na huyo huyo ndiye atakayekufundisha ligi nzima.

Chukua mfano wa Mikko Rantanen, Mfini mmoja mrefu. Alianza msimu ule akiwa Colorado Avalanche, timu aliyotwaa nayo Kombe la Stanley, yaani ubingwa wa ligi, mwaka 2022. Januari 2025 wakamuuza kwa kubadilishana na wachezaji wa Carolina Hurricanes. Machi 7, siku dirisha linafungwa, Carolina nao wakampeleka Dallas Stars. Timu tatu ndani ya msimu mmoja. Ukiwa umeshika timu, huyo umempoteza Januari. Ukiwa umemshika yeye, ulikuwepo Mei 3, mechi ya saba ya raundi ya kwanza, Dallas dhidi ya nani? Colorado. Dallas walikuwa nyuma 2–0 kipindi cha mwisho. Rantanen akafunga matatu kipindi hicho kimoja, Dallas wakashinda 4–2, na Colorado wakaenda likizo. Ni kama mchezaji aliyetoka Msimbazi kwenda Jangwani kupitia timu ya tatu, halafu akawatoa waliomuuza. Hadithi hiyo huipati kwenye msimamo wa ligi.

Ukishapata majina yako, jifunze kusoma mstari. Kwa washambuliaji na mabeki kuna safu tatu za kuanzia: mabao, asisti, na pointi, yaani jumla ya hayo mawili. Kila bao linaweza kutoa asisti mbili, kwa mtu aliyegusa wa mwisho na aliyemtangulia, ndiyo maana asisti huwa nyingi. Aliyeongoza kwa pointi 2024–25 ni Nikita Kucherov wa Tampa Bay Lightning: mabao 37, asisti 84, pointi 121. Aliyeongoza kwa mabao ni Leon Draisaitl, Mjerumani wa Edmonton Oilers, aliyefunga 52. Soma mistari hiyo miwili pamoja utaona ni watu wa aina mbili. Kucherov anaona pasi kabla beki hajageuka. Draisaitl anasimama pembe ambayo wewe ungesema haifungiki, na inafungika. Mimi nampenda Kucherov zaidi, ingawa usoni hana furaha hata akishinda.

Safu ya nne ambayo wageni huiruka ni dakika za uwanjani. Hoki ina vipindi vitatu vya dakika 20, lakini hakuna anayecheza dakika zote 60 isipokuwa kipa. Wengine hubadilishana bila refa kusimamisha mchezo, kila zamu sekunde 45 hivi, kwa sababu mbio zile haziwezekani zaidi ya hapo. Mshambuliaji mkubwa hufikisha dakika 20 na kidogo. Ukiona beki anafika 25, jua kocha hamwamini mtu mwingine. Cale Makar wa Colorado ndiye huyo: beki, lakini alifunga mabao 30 na kumaliza na pointi 92, akapewa tuzo ya beki bora.

Kipa anasomwa kivyake. Tafuta wastani wa kuokoa. Connor Hellebuyck wa Winnipeg Jets alimaliza na 0.925, maana yake kati ya mashuti 1,000 aliokoa 925. Kipa wa kawaida siku hizi yuko karibu na 0.900. Tofauti inaonekana ndogo mpaka uizidishe kwa mashuti 25 au 30 ya kila usiku, mwezi baada ya mwezi. Alishinda mechi 47, akachukua tuzo ya kipa bora na ya mchezaji bora wa ligi kwa pamoja, jambo ambalo makipa huwa hawapewi.

Kupitia kipa huyo unaufikia msimamo wa ligi. Winnipeg waliandikwa 56-22-4. Namba ya kwanza ni ushindi, kila mmoja pointi 2. Ya pili ni kufungwa ndani ya dakika 60, hupati kitu. Ya tatu ni kufungwa kwenye muda wa nyongeza au kwa penalti, unapewa pointi 1 ya pole. Piga hesabu: 112 na 4 ni 116, na hakuna timu iliyofikisha nyingi zaidi msimu ule. Wanaoendelea ni 16, watatu wa juu kwenye kila moja ya makundi manne, na wanne wanaojazia kwa pointi.

Usiku mmoja mama mmoja mchuuzi wa samaki aliwahi kufika mapema, akanikuta nimeinamia simu. "Fundi, barafu yangu tayari?" Nikamwambia bado kidogo, mama, kaa kwenye benchi. Akachungulia. "Hao wanagombania nini?" Nikamwonyesha kile kisahani cheusi cha raba wanachokipiga kwa magongo. Akatazama kidogo, akasema, "Na barafu yote hiyo wanaikanyaga tu!" Nikamweleza kwamba ile barafu ni nyembamba, kama sentimita tatu hivi, na chini yake kuna mabomba ya maji ya chumvi yaliyopozwa, namna ile ile sisi tunavyotumbukiza makopo yetu kwenye maji ya chumvi mpaka yagande. Hata kisahani hugandishwa kabla ya mechi ili kisidundedunde. Swali lake la mwisho lilikuwa la maana: huko si kuna baridi, mabomba ya nini?

Baridi si lazima. Kombe la Stanley, ambalo limekuwa likigombaniwa tangu 1893, lilichukuliwa na Tampa Bay 2020 na 2021, Colorado 2022, Vegas 2023, na Florida Panthers 2024 na 2025. Panthers wanacheza Sunrise, mji ambao Juni unatoka jasho kama Magomeni. Kanada yenye theluji ina timu saba na haijabeba kombe hilo tangu Montreal walipolichukua 1993. Kwa hiyo mtu akikucheka kwamba Mbongo na barafu wapi na wapi, mtajie Florida. Mtajie pia Jarome Iginla, ambaye baba yake ni Mnigeria: alikuwa nahodha wa Calgary Flames na alifunga mabao 625 katika ligi hii. Na Nairobi wapo vijana wa Ice Lions, timu ya hoki ya barafuni.

Kila msimu una tukio moja la kuweka alamu. 2024–25 lilikuwa la Alex Ovechkin, nahodha wa Washington Capitals, mwenye miaka 39. Rekodi ya mabao ilikuwa ya Wayne Gretzky, 894, na ilidumu tangu alipostaafu 1999. Novemba Ovechkin akavunjika mfupa wa mguu. Wengi tukasema basi, mwakani. Akarudi kabla mwaka haujaisha, akaendelea kufunga kana kwamba alikwenda likizo. Aprili 6 bao la 895 likapatikana New York, ugenini dhidi ya Islanders, na kwa bahati ilikuwa mechi ya mchana: kwetu Jumapili jioni, hakuna wa kukesha. Washington walikuwa wamezidi mtu mmoja kwa sababu mpinzani ametolewa kwa adhabu. Hapo ndipo umtafute Ovechkin siku zote: kushoto, juu ya lile duara, gongo limeinuliwa, anasubiri pasi. Makipa wote wanajua atakuwa pale. Miaka 20 wanajua. Kisahani kikaja, akapiga, mechi ikasimamishwa, Gretzky mwenyewe akashuka uwanjani kumpongeza. Ovechkin alimaliza msimu na mabao 44. Ukitaka kuelewa kuzidi mtu mmoja ni nini, usisome kanuni. Tafuta video ya bao hilo.

Kuanzia nusu ya pili ya Aprili ni mtoano, na hapo namba za msimu ziweke pembeni. Kila raundi ni mechi saba, wa kwanza kushinda nne anapita. Nyongeza haina penalti tena. Wanacheza vipindi vya dakika 20 mpaka mtu afunge, hata ikibidi vitatu. Hellebuyck yule yule wa 0.925 alitolewa kabla ya mwisho kwenye mechi zote tatu walizocheza ugenini St. Louis katika raundi ya kwanza. Mechi ya saba Winnipeg walisawazisha zikiwa zimebaki sekunde chache, wakashinda kwenye nyongeza ya pili, kisha Dallas ya Rantanen ikawatoa raundi iliyofuata.

Fainali huanza saa mbili usiku za New York, yaani saa tisa usiku wetu. Mwaka 2025 Edmonton na Florida walicheza mechi sita, tatu zikaenda nyongeza. Florida wakamaliza Juni 17 kwa 5–1, Sam Reinhart akifunga manne peke yake. Panga likizo au badilishana zamu mapema, na simu ichajiwe kabla, maana umeme wetu mnaujua. Kama huwezi kukesha zote, kesha ya kwanza upate kuwajua, halafu kuanzia ya tano kwenda mbele. Katikati soma maandishi.

Julai 1 dirisha la wachezaji waliomaliza mikataba linafunguliwa. Siku hiyo angalia majina yako matano yameangukia wapi, kisha hesabu upya saa zako za kulala: ukisikia mtu wako kahamia Los Angeles, alamu inasogea mpaka saa kumi na mbili.