Jinsi ya kuangalia Musashi ya 1954 bila kusinzia

Kwanza hakikisha umeshika yenyewe, maana Musashi, yule samurai wa Japani, katengenezewa muvi kibao na majina yanafanana. Unayoitaka ni ya Hiroshi Inagaki, ya rangi, Musashi ni Toshiro Mifune. Ukikuta yupo Kinnosuke Nakamura hiyo ni ya Tomu Uchida ya miaka ya sitini, ina sehemu tano, kali pia ila sio hii. Hii zipo tatu, 1954, 1955 na 1956, na usirukie ya tatu eti kwa vile ndo kuna pambano na Kojiro, mpinzani wake mkubwa, utaona wajapani wawili wanatunishiana ufukweni basi.

Historia usijisumbue nayo sana. Mwaka 1600 kuna vita ya Sekigahara, upande wa ukoo wa Tokugawa unashinda, na Takezo (ndo Musashi kabla hajawa Musashi) na mshkaji wake Matahachi wametoka kijijini kusaka ujiko wakaangukia upande uliopigwa. Inatosha hiyo.

Sasa kosa wanalofanya wengi ni kusubiri mapanga. Sehemu ya kwanza ni kama saa moja na nusu na vita inaisha fasta, kinachobaki ni jamaa mwenye nguvu za ajabu na akili za hovyo anawindwa kama mnyama, kijiji kizima kimemshindwa, halafu anayekuja kumweka mkononi ni Takuan, mtawa wa Kibudha asiye hata na kisu, anamning'iniza kwenye mti. Hapo weka simu pembeni. Mfuatilie Mifune mwenyewe, anatukana, anatishia, anachoka, na Takuan anamjibu kama anaongea na mtoto aliyenuna. Baadaye Takuan anamfungia juu kwenye ngome ya Himeji na vitabu vyake, na hapo ndo watu wanapeleka mbele, we usipeleke. Akitoka sikiliza sauti yake na angalia anavyotembea, hakuna mtu anayekuhutubia kwamba jamaa kabadilika, ni lazima uone mwenyewe, ndo maana hata ukikuta iliyotafsiriwa na dijei achana nayo, tafuta yenye sabtaito, dijei ataongea juu ya vile vimya vyote.

Ya pili inachosha kidogo tuseme ukweli, Otsu na Akemi, wanawake wawili wanaompenda Musashi, wanalia na kumfukuzia njia nzima, vumilia, maana Kojiro anaanza kuonekana humo na bila yeye ya tatu haina uzito.

Ya tatu ukiweza iangalie kwenye tivii, taa zimezimwa. Musashi anakwenda kupambana na Kojiro kisiwa cha Ganryu na upanga wa mbao aliouchonga kutoka kwenye kasia, jua liko chini juu ya maji nyuma yake na hilo jua ni sehemu ya pambano, kwenye kioo cha simu linakuwa doa tu.