Umeumia Hotelini Hapa Kenya? Fuata Hatua Hizi Udai Fidia Yako

Mimi ni karani kwa ofisi ya mawakili hapa Mombasa na juzi nimemaliza kusimamia dai la shangazi yangu aliyeteleza kwa vigae vilivyolowa hotelini akavunjika kifundo cha mkono. Naandika haya kwa sababu nimeona watu wengi wakiwa na haki kabisa lakini wanakosa, si eti sheria ni mbaya, ni vile wanakuja ofisini baada ya miezi sita mikono mitupu.

Elewa hili kwanza: kuanguka peke yake hakukupi hata shilingi. Sheria inayotumika ni Sura ya 34 ya Sheria za Kenya, ile ya wajibu wa mwenye jengo kwa wageni wake, nayo inataka hoteli ichukue tahadhari za kutosha ili mgeni awe salama kwa shughuli iliyomleta. Kwa hivyo swali la korti litakuwa ni kitu gani hoteli ilifanya au iliacha kufanya. Kila hatua hapa chini inatafuta jibu la swali hilo. (Kama wewe ni mfanyakazi wa hoteli na umeumia kazini, njia yako ni nyingine, ni ya WIBA ya 2007, ile sheria ya fidia ya wanaoumia kazini, usifuate hii.)

Hatua ya 1: Nenda hospitali

Siku hiyo hiyo. Mwambie daktari umeumia wapi na vipi, aandike.

Hatua ya 2: Piga picha kabla hawajapanguza

Kama huwezi, mwombe uliye naye. Piga maji yenyewe, taa kama imezima, ngazi isiyo na reli, viatu ulivyovaa, na picha moja ya mbali inayoonyesha mahali pote. Kibao cha "sakafu imelowa" kama hakipo piga, kama kipo piga pia, manake sheria inasema onyo peke yake haliwaokoi mpaka liwe lilitosha kumfanya mgeni awe salama. Kibao kilichowekwa nyuma ya chungu cha maua hakijamsaidia mtu. Na kama aliyeumia ni mtoto, hoteli inatakiwa itarajie watoto hawana uangalifu wa mtu mzima.

Simu iliyopiga hizo picha usiiuze wala usifute kitu. Korti itataka cheti cha ushahidi wa kielektroniki, kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, kinachoeleza picha zilipigwa na simu gani na zikachapishwa vipi.

Hatua ya 3: Ripoti ya ajali na kamera za CCTV

Hapa tulitoka jasho, kwa hivyo nisomeeni pole pole.

Ripoti: nenda risepsheni, omba ajali iandikwe kwa kitabu chao, na kabla hujaondoka piga picha ule ukurasa. Ya shangazi iliandikwa kwa kalamu ya buluu, "mgeni aliteleza karibu na bwawa", basi, maji hayakutajwa hata mara moja. Ukiona hivyo usigombane nao, andika maelezo yako mwenyewe kwa karatasi, weka tarehe na saa, na umwombe wa zamu apokee kwa sahihi. Akikataa, itume kwa barua pepe dakika hiyo hiyo ukiwa bado uko pale.

Sasa kamera. Mashine za CCTV hujifuta zenyewe, picha mpya zinaandikwa juu ya zile za zamani, kwa hivyo ukingoja wiki upate nafuu kwanza unaweza kukuta hakuna kitu. Tuma barua pepe mapema uwezavyo. Narudia barua pepe, si WhatsApp ya menija, kwa sababu menija akihama kazi mazungumzo yanahama naye, lakini barua pepe ya hoteli inabaki na ina tarehe. Andika mambo mawili tofauti na usiyachanganye.

La kwanza, unaomba nakala ya picha zako. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kupata taarifa zako binafsi na sura yako kwenye kamera ni taarifa yako, na kanuni za 2021 zinawapa siku 7 wajibu. Taja siku, saa, mahali, na nguo ulizovaa ili wasiseme hawakukutambua. Wakikwambia kuna wageni wengine wanaonekana, wajibu kwamba hao nyuso zao zinaweza kufichwa.

La pili, unawataka wahifadhi picha za mahali pale kuanzia angalau saa moja kabla hujaanguka, kwa sababu utazihitaji kortini. Hili ndilo watu wanasahau na ndilo lenye uzito kushinda lile la kwanza. Picha yako ukianguka inaonyesha tu kwamba ulianguka. Ile ya kabla ndiyo inaonyesha maji yamekaa hapo muda gani na wahudumu wangapi wamepita wakayaruka. Maji yaliyomwagika dakika moja kabla hoteli inaweza kujitetea, ya saa nzima watasema nini?

Wakinyamaza, peleka malalamiko kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, na barua zako zote zihifadhi, zitaonyesha uliomba mapema.

Hatua ya 4: Risiti

Gharama ulizotumia lazima zitajwe kwa hesabu kamili na zithibitishwe, korti haikadirii. Invoisi si risiti, inaonyesha ulidaiwa, haionyeshi ulilipa. Dawa, eksirei, teksi ya kwenda kliniki, zote omba risiti. Ukilipa kwa M-Pesa toa stetimenti, lakini risiti bado idai. Maumivu yenyewe ni hesabu nyingine, hapo korti inaangalia kesi zilizopita za majeraha kama yako, ndiyo maana unahitaji ripoti ya kitabibu kutoka kwa daktari inayoeleza jeraha na ulemavu uliobaki.

Hatua ya 5: Jua unamdai nani

Jina la kwa geti mara nyingi ni la biashara tu, mwenyewe ni kampuni nyingine. Angalia bili yako ya hoteli, juu au chini kwa maandishi madogo kuna jina la kampuni na PIN ya KRA. Kisha thibitisha kwa msajili wa kampuni kupitia eCitizen.

Hatua ya 6: Barua ya madai, halafu korti

Barua iwe fupi: nini kilitokea, kosa lao, jeraha, gharama, siku unazowapa. Wasipojibu, dai lisilozidi shilingi milioni 1 unaweza kulipeleka Korti ya Madai Madogo, ambayo inatakiwa imalize kesi kwa siku 60, na ukitaka unajisimamia mwenyewe. Zaidi ya hapo ni kwa hakimu, na hapo mimi nakushauri uwe na wakili. Una miaka 3 tangu siku ya ajali.

Tarajia watasema na wewe ulichangia, ulikuwa unakimbia, ulikuwa kwa simu. Korti ikikubali, fidia inapunguzwa kwa asilimia ya kosa lako, haifutwi yote.

Hatua ya 7: Usisaini haraka

Watakupa usiku wa bure, chakula, au hundi ya kampuni ya bima na karatasi ya kusaini. Soma ile karatasi. Ikisema ni malipo kamili na ya mwisho, ukisaini umefunga mlango, hata mfupa ukija kuonekana umeungana vibaya. Shangazi aliletewa yake akiwa bado na plasta mkononi, tukakataa mpaka daktari alipotoa ripoti ya mwisho, na ofa iliyofuata ikahesabu pia gharama za mazoezi ya mkono ambazo ile ya kwanza haikuzitaja kabisa. Bili wanaweza kukulipia bila wewe kusaini hiyo, waambie hivyo kwa maandishi.