SOMO: Kupiga picha za barafuto Alaska ukiwa melini (soma yote kabla ya kuuliza)

Wakuu, swali la "nipangeje safari ya Alaska na picha zitokeje" limeulizwa mpaka limechakaa. Naandika mara moja. Atakayeuliza kilichomo humu nitampa namba ya hatua, basi.

Kwa wageni: barafuto ni mto wa barafu unaoteremka taratibu kutoka mlimani. Za Kilimanjaro zinaishia juu kwenye mawe. Hizi za Alaska tunazozifuata zinafika baharini, ukuta mzima umesimama majini, unameguka. Kwa hiyo unazipiga ukiwa chomboni, na shida zake ni za chombo, maji na baridi.

Hatua ya 1. Chagua njia kwanza, meli baadaye. Tangazo kusema "Alaska" hakumaanishi utaona barafuto inayogusa bahari. Fungua ratiba ya siku kwa siku, utafute jina mojawapo: Glacier Bay, Hubbard, Endicott Arm, College Fjord. Glacier Bay huruhusiwa meli kubwa mbili tu kwa siku, na maofisa wa hifadhi hupanda melini kuwaelezea abiria. Utasimamishwa mbele ya Margerie, ukuta wa upana wa kilomita 1.6 hivi na kimo cha mita 75 hivi juu ya maji. Jirani yake, Johns Hopkins, meli kubwa haziingii mpaka Agosti iishe kwa sababu sili wanazaa humo. Hubbard uso wake ni kama kilomita 10, lakini ghuba ikijaa vipande vya barafu nahodha hugeuzia mbali, na hakuna wa kumlaumu. Kwenye ghuba nyembamba ya Tracy Arm mlima uliporomoka tarehe 10 Agosti 2025 ukazua mawimbi makubwa, kwa hiyo kama ratiba yako bado inaitaja, uliza kampuni kabla hujalipa. Barafuto ya Mendenhall, mjini Juneau, haifiki baharini, unaifuata kwa basi.

Hatua ya 2. Mwezi. Msimu ni mwisho wa Aprili hadi Oktoba. Kusini-mashariki mwa Alaska, Mei kwa kawaida ina mvua chache, Septemba na Oktoba ndizo zenye mvua zaidi. Juni jua la Juneau linazama saa 4 usiku na kitu, usilale mapema.

Hatua ya 3. Vifaa. Kamera uliyonayo. Lenzi mbili (namba ni milimita): 24–70 ya mandhari pana na 100–400 ya kuvuta mbali (70–300 inatosha). Betri tatu, mbili zikae mfuko wa ndani karibu na mwili maana baridi inazinyonya. Kadi mbili. Vitambaa vya lenzi vitatu. Mifuko miwili ya plastiki ya zipu inayoingiza kamera na lenzi yake. Stendi ya miguu mitatu iache nyumbani.

Hatua ya 4. Jasho la kamera. Hapa ndipo nilipochemsha, kwa hiyo soma polepole. Kamera imekaa nje saa nzima, imekuwa baridi kama soda ya kwenye friji. Unaingia ndani kunywa chai dakika kumi. Hewa ya ndani ina joto na unyevu, unyevu unageuka matone juu ya kila kitu cha baridi, na kamera inatoka jasho kama ile chupa ya soda. Ukirudi nje picha zote ni maziwa. Ukifuta kioo cha mbele hakuna kinachobadilika, kwa sababu ukungu uko pia kwenye vioo vya ndani, na hapo hata ufute mpaka kesho.

Dawa yake: kabla ya kuvuka mlango, ukiwa bado nje, toa kadi na betri, ingiza kamera kwenye mfuko wa zipu, kamua hewa, funga. Ingia nayo ndani ikiwa imefungwa, iache hivyo saa nzima au zaidi. Jasho litatoka juu ya plastiki, kamera itabaki kavu. Maonyo:
- Usifungue mfuko "kuangalia tu".
- Usibadilishe lenzi ndani ya saa hiyo. Unaiingizia hewa ya maji mpaka kwenye sensa.
- Usitumie mashine ya kukaushia nywele.
- Ukungu ukishaingia, usivute zumu mbele na nyuma, unanyonya unyevu zaidi. Iache ikauke.
- Kama umefunga kichujio cha kinga mbele ya lenzi, kitoe. Ukungu unapenda kujificha katikati yake na lenzi.

Kinyume chake nacho kina shida ndogo ambayo wengi hawaijui. Kamera ikitoka kwenye joto kwenda baridi haitoi jasho, lakini hewa ya moto inabaki ndani ya kofia ya lenzi (ile ya kukinga jua, siyo kifuniko) ikicheza kama mvuke wa lami mchana, na picha za mbali zinakosa ukali. Toa kamera nje nusu saa kabla ya kufika. Kwa sababu hiyohiyo usipige kupitia mlango uliofunguliwa wa chumba, wala ukiwa upande ambao moshi wa dohani unapita mbele yako.

Hatua ya 5. Mahali pa kusimama. Deki ya mbele, omo, ikifunguliwa nenda mapema. Ikifungwa, nenda tezi, yaani nyuma ya meli: watu wachache, na meli ikigeuka kuondoka una mandhari yote peke yako. Kuhusu chumba cha upande gani, usipoteze hela: mbele ya ukuta nahodha anazungusha meli ili pande zote zione.

Hatua ya 6. Mipangilio. Faili la RAW (picha ghafi ambayo kamera haijaichakata). Modi ya S (au Tv), yaani kasi ya shata unachagua wewe: sekunde 1/1000. ISO (usikivu wa kamera kwa mwanga) iachie otomatiki. Fidia ya mwangaza +0.7 ukuta ukijaza fremu, maana kamera inadhani kila kitu ni cha kijivu. Ikiona weupe mwingi inapunguza mwanga na barafu inatoka rangi ya majivu. Tazama histogramu (ile grafu ya mwanga kwenye kioo cha kamera) baada ya picha mbili za kwanza: ikigonga ukingo wa kulia, punguza. Mizani ya rangi weka kwenye jua, usiache otomatiki, itakuibia bluu.

Hatua ya 7. Kumeguka. Ukisubiri ngurumo umechelewa. Ukiwa mita 400 sauti inakufikia baada ya sekunde 1 na kidogo. Lakini usishushe kamera: kipande kikianguka kutoka mita 60 kinatumia kama sekunde 3.5 kufika majini, kwa hiyo mruko wa maji bado unauwahi. Lenga sehemu iliyoanza kumwaga vipande vidogo, fokasi ukishaipata ifunge, kidole kwenye kitufe, piga mfululizo. Usilenge kwa karibu sana. Ukijaza fremu na jabali, maji yatarukia nje ya picha.

Hatua ya 8. Weka kitu cha kulinganisha: ndege, boti, kayaki. Bila hivyo ukuta wa mita 75 unaonekana kama barafu ya friji.

Hatua ya 9. Nakili picha usiku uleule.

MASWALI

Chuma_Ulete: Mkuu somo zuri. Sasa kamera gani nzuri kwa kazi hiyo?

Mwandishi: Hatua ya 3.

BintiPemba: Asante sana kaka. Naomba kuelewa, kwa nini barafu inakuwa ya bluu na ya kwenye friji ni nyeupe? Na kwa nini picha nyingine bluu haionekani kabisa?

Mwandishi: Swali zuri dada. Barafu inanyonya nyekundu zaidi kuliko bluu, ila kidogo sana, kwa hiyo mwanga lazima upite masafa marefu ndani yake ndipo uone. Theluji mpya na barafu ya friji zimejaa viputo vya hewa. Mwanga unadundishwa kabla haujaenda mbali, unatoka mweupe. Barafuto imebanwa na uzito wa theluji miaka mingi, viputo vimekamuliwa, mwanga unazama na kurudi wa bluu. Sehemu iliyomeguka sasa hivi ndiyo yenye bluu kali. Ikikaa juani uso unapasukapasuka, unarudi mweupe. Siku ya mawingu ndiyo yako, jua kali linafunika bluu kwa mng'ao. Ukiona jua likitoka, tafuta nyufa zenye kivuli.

Fundi_Saa: Kuhusu stendi unapotosha watu. Mimi nilitumia na picha zikatoka safi.

Mwandishi: Meli ilikuwa imefunga bandarini au inatembea? Injini ikiwa inaunguruma, mtetemo unapanda kwenye miguu ya stendi mpaka kwenye kamera. Mwili wako unaumeza huo mtetemo, chuma hakiumezi. Bandarini tumia unavyotaka. Pia deki imejaa watu, miguu mitatu ni ya kuwakwaza wazee.

Fundi_Saa: Bandarini, ndiyo.

Mwandishi: Haya.

Drone_Boy: Vipi droni?

Mwandishi: Marufuku hifadhi za taifa za Marekani, na meli nazo zinakataza. Usibebe.

Mama_Wawili: Mimi nina simu tu. Nisiende?

Mwandishi: Nenda mama, simu inaweza. Futa lenzi kila mara, mafuta ya vidole ndiyo adui wa kwanza. Gusa barafu kwenye kioo, shikilia mpaka fokasi ijifunge, kisha rekebisha mwanga kidogo mpaka uone mikunjo ya ukuta. Zumu ishie kwenye lenzi halisi za simu, ukivuka hapo unakuza uji. Kumeguka chukua video ya 4K, baadaye unatoa fremu. Na simu nayo inatoka jasho, hatua ya 4 inakuhusu.

Kaka_DFW: Meli yangu inaanza na kuishia Seattle. Kwa nini wananidai viza ya Kanada na Alaska ni Marekani?

Mwandishi: Kuna sheria ya Marekani ya mwaka 1886: chombo cha nje hakibebi abiria kati ya bandari za Marekani bila kugusa bandari ya nchi nyingine. Meli kubwa karibu zote zimesajiliwa nje, ndiyo maana za kutoka Seattle zinapitia bandari ya Kanada, mara nyingi Victoria, hata kama ni jioni moja. Ukiwa na grini kadi (kibali cha ukaazi wa kudumu Marekani), beba hiyo na pasipoti hai, viza ya Kanada huhitaji. Ukiwa na pasipoti ya Tanzania au Kenya bila grini kadi, viza unahitaji, na uhakikishe ya Marekani inakuruhusu kuingia tena.

Kaka_DFW: Kama sina wiki nzima?

Mwandishi: Boti za siku moja. Kutoka mji wa Seward kwenda hifadhi ya Kenai Fjords, au kutoka mji wa Whittier ndani ya ghuba ya Prince William Sound. Whittier maji yametulia. Seward unapitia bahari ya wazi, kunywa dawa ya kichefuchefu kabla ya kupanda. Whittier kwa gari unapita handaki la kilomita 4 lenye njia moja linalotumiwa na treni pia. Kuingia ni dakika ya 30 ya kila saa, kutoka ni saa kamili. Ukikosa zamu, unangoja saa nzima boti ikiondoka.

Mzee_Kikoi: Nyongeza: kanga kuukuu iliyofuliwa mpaka ikalainika inafyonza maji ya mvua kwenye kamera kuliko taulo.

Mwandishi: Kweli, kwa mwili wa kamera. Kioo cha lenzi usiguse nayo, chumvi ya bahari ikishikwa kwenye uzi inakwaruza.

Chuma_Ulete: Na ikilowa niitie kwenye mchele?

Mwandishi: Hapana. Mchele una vumbi, linaingia kwenye matundu. Vile vipakiti vya kunyonya unyevu vya kwenye maboksi ya viatu, kusanya kuanzia leo, weka vitano au sita ndani ya mfuko wa zipu. Safari hii umeuliza la maana.